Mawe ya Boma la Mjerumani

Mwaka ule maharage yalikauka mashambani, tukala unga wa njano wa serikali, ugali wake mgumu kama sabuni, bila mawese. Ndipo nilipoajiriwa kutunza gofu la boma la Mjerumani, mlimani karibu na Kasulu. Darasa la pili ndiyo elimu yangu yote. Wanaume watatu waliiomba kazi ile nikawashinda.

Siku ya kwanza Msimamizi wa mambo ya kale, mtu mfupi wa pwani, alinisimamisha mbele ya mnara usio na paa. Akasema, "Mama, hapa hatujengi. Tunazuia lisianguke zaidi." Mtini ukiota ukutani, ung'oe ungali mwembamba, maana mzizi ukinenepa unapasua mawe. Ufa unazibwa kwa chokaa iliyolowekwa, siyo saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, mvua ikija inabanduka na jiwe lake. Nikafyeka, nikaziba, nikafukuza mbuzi. Wasimamizi waliomfuata hawakunikuta na kosa.

Shida ilikuja na amri ya kuhamia vijijini. Watu waliletwa chini ya mlima, wanalala kwenye vibanda vya nyasi, na mvua inakaribia. Mwenyekiti wa kijiji, mdogo wa mume wangu, akapanda na vijana wenye nyundo. Alitaka mawe ya mnara ajenge ghala. Bila ghala mahindi yangeoza, na wanangu walikula mahindi hayo hayo. Nilikaa mlangoni, panga la kufyekea magotini.

"Shemeji, ondoka. Baba yako mwenyewe aliyabeba mawe haya kwa viboko. Ni yetu."

Nikamwambia, "Ni yetu, ndiyo maana hayaondoki."

Wakashuka mikono mitupu, wakaniita mke wa Mjerumani. Wifi yangu aliacha kunisalimia. Hata hivyo nilishuka nikafyatua nao matofali ya udongo mpaka ghala likasimama.

Sasa nimestaafu. Hakuna aliyeletwa badala yangu, kwa hiyo napanda mlimani mwenyewe, polepole. Baba alinionyesha jiwe lililomponda kidole. Nani ataamini habari hiyo jiwe likiwa chini ya choo cha mtu?

Juzi mwanangu mkubwa, fundi, alikuja na lori. Anaanza msingi wa nyumba yake.

"Mama, wewe si mlinzi tena. Hata mshahara hawakupi. Kwani haya mawe si yetu?"

Nikakaa mlangoni.

"Ni yetu, ndiyo maana hayaondoki."