Doti ya Korosho Mjini Paisley

Mwaka 2017 binti yangu alipochumbiwa na kijana wa Paisley, Uskoti, niliitwa nikaonane na mama wa kijana kabla ya harusi. Niende kwa mkwe mikono mitupu? Kwetu Tanga hilo halipo, na miaka yangu yote ya kushona nguo Johannesburg haikunifundisha adabu nyingine. Asubuhi moja nilitoka mtaani kwangu Bertrams hadi Fordsburg, nikapekua rafu zote za duka la kanga.

Muuzaji, Mkongomani mvumilivu, alinichoka. "Eish, mama, hii ni ya tano sasa. Ile ya maua hautaki?"

Sikutaka maua. Nilitaka korosho, lile umbo lenye mkia uliopinda, jekundu juu ya kitambaa cheupe. Maandishi yake niliyasoma mara mbili, nisije nikampelekea mama wa watu kanga ya kumchamba mke mwenza. Yalikuwa salama. Nilipanda ndege nikijiona nimepatia kweli: huko kwenye baridi wataionea wapi korosho?

Wataionea wapi! Kituoni kwenyewe pale Paisley, bango la kwanza lilikuwa na korosho. Dirishani korosho, kwenye tai ya mzee mmoja korosho. Mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, alitupeleka mimi na binti yangu moja kwa moja kwenye makumbusho, akatuonyesha shali walizofuma watu wa mji wake zamani, korosho juu ya korosho hadi pindoni. Binti yangu akaninong'oneza kwamba Wazungu umbo lile wanaliita kwa jina la mji huu.

Nilishikwa na kicheko. Nilijaribu kukimeza, kikatokea puani. Mlinzi akageuka kututazama, nikazidi. Na ndani ya kicheko hicho nilikuwa na hofu ya kweli: huyu mama ndiye atakayekuwa karibu na mwanangu akiugua, akijifungua, mimi nikiwa mbali na cherehani yangu. Nilitaka anipende, na nilikuwa nimembebea kitu alichonacho hadi kwenye mapazia.

Jikoni kwake niliitoa ile kanga hata hivyo. Aliduwaa, kisha akaangua kicheko kikubwa kuliko changu mpaka akashika meza. Nikaomba mkasi. Doti huja vipande viwili vimeungana, na fundi hawezi kuiacha hivyo. Nilipoanza kuikata katikati, mkwe wangu alishtuka, akasema jambo kwa haraka.

"Mama, anauliza mbona unaiharibu," binti yangu akatafsiri. "Na hiyo ya pili ni ya nani?"

Zote mbili zilikuwa zake, ndiyo zawadi yenyewe. Lakini kwetu wanawake wawili wakipendana hugawana doti moja, wakatoka sare. Mkwe wangu alikuwa amekwisha kujifunga kipande chake kiunoni, maandishi juu chini, ananisubiri.

"Mwambie ni yangu," nikasema.