Alikubali utafiti wetu kabla sijasoma hata mstari mmoja

Wakuu, hamjambo nyote. Humu nimezoea kusoma na kupita kimya. Leo naandika yangu, bila chumvi, na hata ningetaka kuitia nisingeweza, maana mjinga wa kisa hiki ni mimi.

Siku nne nilikosa usingizi kwa swali moja: Bi Rehema alikubali utafiti wetu, au alinionea haya tu?

Nilimaliza degree nikakaa kwetu Utange nikisambaza CV, mpaka mamangu akawa ananitambulisha kwa wageni kama "huyu anayengojea". Kisha profesa aliyenifundisha akanipa kazi ya muda.

Profesa huyu anafundisha maadili ya utabibu, yaani daktari ana ruhusa ya kumfanyia mgonjwa nini, na nani aulizwe kwanza. Mamangu aliuliza ni daktari au ni ustadhi. Nikaeleza nusu saa nzima. Akasema, "Basi ni ustadhi."

Utafiti ulikuwa Mishomoroni, kuhusu kisukari kinavyorithiwa. Kazi yangu ilikuwa kupita majumbani na kumsomea mtu fomu ya ridhaa, kurasa tatu. Akikubali atie sahihi, kisha muuguzi atoe damu. Somo la ridhaa chuoni nilipata A.

Wenzangu walirudi na fomu mbili tatu kwa siku. Mimi nilirudi na rundo. Nikaamini nina kipaji.

Kipaji chenyewe kilikuwa shikamoo. Naingia, naamkia, naulizia wajukuu, nanywa chai. Kwetu Pwani, mtu akishakunywa chai yako, karatasi yake utaikataaje?

Bi Rehema alisoma madrasa na nyanya yangu. Nilipotoa fomu tu, akanyoosha kidole gumba.

"Lete nitie, mwanangu. Wewe ni mtoto wetu, utaniletea baya?"

Nikampa wino. Damu ikatolewa. Mimi nikala mahamri mawili.

Mwezi haujaisha, mamangu akarudi kutoka arusini akaniambia Bi Rehema anauliza dawa zake zitafika lini. Ana kidonda mguuni, hakiponi. Bintiye anamsihi aende kliniki, naye anajibu hana haja, ameshapimwa na mtoto wa Mwanaisha, yaani mimi, anangoja majibu.

Wakuu, majibu hayakuwepo. Damu ile ilikwenda maabara bila majina, kwa namba ya fomu tu, na dawa hatukuwa nazo. Ukurasa wa pili unasema hivyo waziwazi, kwa anayesomewa.

Mtu timamu angekwenda Mishomoroni saa ile ile. Mimi nilikaa kumwandikia Profesa email. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Katika rasimu moja nililaumu jua. Barua yangu ya mapendekezo ya masters ilikuwa mikononi mwake, nami nilishajiona nimefukuzwa, nimerudi Utange, nangojea upya. Na kila rasimu niliyofuta, kidonda cha watu kiko palepale.

Siku ya tano nikaenda ofisini kwake nikamwambia yote.

Akanieleza kwamba zamani alikuwa daktari wa wodini. Alikuja mzee wa kwao, wakaamkiana vizuri kwa lugha yao, mzee akatia kidole kwenye fomu ya upasuaji bila kuuliza neno.

"Alipozinduka akaniuliza mguu wake uko wapi," akasema. "Alidhani amekubali kuoshwa kidonda."

Upasuaji ule ulimwokoa mzee. Lakini Profesa aliacha wodi, akarudi darasani kusoma, na kazi yake yote tangu hapo, vitabu, vikao, sisi wanafunzi tuliosinzia, imekuwa ni swali la mtu yule.

Akanitazama.

"Na sasa wewe unafanya nini ofisini kwangu?"

Nikatoka.

Mimi na bintiye tulimpeleka Bi Rehema kliniki asubuhi iliyofuata. Ana kisukari kweli. Mguu, alhamdulillahi, umewahiwa, ameanza dawa.

Tuliporudi kwake niliomba nimsomee ile fomu. Kwanza nikakataa chai, akanuna. Nikasoma kurasa zote tatu, nikifuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nikikataa, mamako atanikasirikia?"

"La, Bi Rehema. Hata mimi sitakasirika."

Akafikiri. "Basi sitaki. Damu yangu waitupe."

Nikaandika: amekataa. Nikaipigia maabara mbele yake, nikawasomea namba ya fomu yake, sampuli ikaondolewa.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akikubali kabla sijauliza, basi bado sijauliza. Nyinyi mnaopita majumbani na fomu, mnaijuaje ndiyo ya kweli na ile ya adabu? Niambieni, hata mkitaka kunicheka kwanza.

Mimi nimeshaamua kurudia nyumba zote, moja moja, bila chai. Jana nimemaliza tatu. Wawili wamebaki kwenye utafiti. Wa tatu amesikiliza mpaka mwisho, akanirudishia fomu yangu bila sahihi, akanisindikiza mpaka mlangoni.