Likizo Isiyo na Kilio

Safari ile ilianzia mezani. Wifi aliweka kijiko chini na kutangaza kwamba mwaka huu na wao watakwenda nje ya nchi, wakapumzike baharini kama watu.

"Kama watu gani?" mumewe akauliza. "Kwani sisi sasa hivi ni mbuzi?"

"Kama daktari wangu."

Wifi alikuwa akipokea wagonjwa katika kliniki ya meno, na daktari wake kila mwaka hupeleka familia kwenye ufuko wa nchi jirani, kisha hurudi na hadithi za kuwasimulia wagonjwa waliokwisha achamishwa midomo, wasioweza kumkatiza. "Watoto wanacheza mchangani, wewe umejilaza kwenye kiti kirefu. Hakuna kupika, hakuna kufua, hakuna kukimbizana."

"Na hawa wetu atawakimbiza nani?"

Wote wawili wakageuka kumtazama Shangazi, aliyekuwa akimpangusa mdomo yule mtoto mdogo.

"Dada, bila wewe hatutoki hata getini," akasema mume wa Wifi, mdogo wake Shangazi.

Shangazi akaendelea kupangusa mdomo uliokwisha takata.

Alikuwa mwanamke aliyevuka hamsini. Hakujaliwa mtoto, na ndoa yake ilikwisha zamani bila kishindo, kama taa iliyoishiwa mafuta. Kazi yake ilikuwa kubadilisha zipu na kutia vifungo, kwenye nguo za duka la cherehani la pale kona, na kazi hiyo aliifanyia barazani ili macho yawe kwa watoto. Wifi aliporudi kazini baada ya kujifungua mara ya kwanza, Shangazi ndiye aliyehamisha kitanda chake na kukiweka katika chumba cha watoto. Yule wa kwanza, msichana, walimwita Bibie kwa sababu ya amri zake. Wa pili alikuwa mvulana, hajajua bado kuvaa viatu, na nyumba nzima ilimwita Mkia. Popote Shangazi alipo, naye yuko nyuma ameshika pindo. Hakupata usingizi mpaka ashike kidole gumba cha Shangazi, na akiamka asimwone, mtaa mzima unapata habari. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Hawakusema mwana huyo lazima awe wa nani.

Basi Shangazi akaenda kupiga picha ya pasipoti, akakodoa macho kama aliyeitwa na polisi. Kisha akapita kwa Fundi, mwanamke mwenye lile duka la cherehani, akapimwe gauni la kuvaa ufukweni.

"Nikushonee la mikono mirefu," Fundi akauliza, pini mdomoni, "au utawaonyesha wageni mabega?"

"Mabega yangu yana nini cha kuonyesha? Nishonee lenye mifuko mikubwa, ya leso za watoto."

"Mtu anakwenda baharini anataka mifuko. Wewe hata peponi utaomba kazi."

Shangazi akacheka mpaka akajifunika uso. Hakuwa amewahi kuiona bahari. Alichotamani hasa kilikuwa kidogo, na hakumwambia mtu: kumwona Mkia akikanyaga mawimbi kwa mara ya kwanza, na mkono atakaoukimbilia akiogopa uwe wake.

Gauni lilikuwa bado halijakatwa Wifi alipokuja na habari mpya kutoka kliniki. Alimkuta Shangazi barazani, akakaa karibu yake kuliko kawaida.

"Wifi yangu, Mungu ni mwema. Daktari kaniambia pale hotelini kuna wasichana wamesomea kuangalia watoto. Unawakabidhi asubuhi, unawachukua jioni. Na gharama yao imo humo humo. Kwa hiyo tumeona mimi na mdogo wako, na wewe upate kupumzika. Nyumba nzima ni yako."

Shangazi alikuwa anafumua zipu ya suruali. Akaendelea kufumua.

"Na Mkia?"

"Ndiyo hilo sasa. Daktari anasema mtoto anayelilia mtu mmoja ni mtoto aliyeharibiwa. Siyo wewe, wifi, usinielewe vibaya. Anasema tu. Itabidi tumzoeshe kabla ya safari, la sivyo hiyo itakuwa likizo gani?"

Siku ya kwanza ya kumzoesha, Shangazi aliambiwa atoke wakati wa mtoto kulala mchana. Akaenda kukaa dukani kwa Fundi, na kilio kikamfuata hadi kwenye cherehani. Aliporudi alimkuta mtoto ametapika, amelala sakafuni karibu na mlango, na Wifi ameketi sebuleni, vidole vimeziba masikio, macho mekundu.

"Si hivyo," Shangazi akasema taratibu. "Niachie mimi. Mimi ndiye nitakayemzoesha."

Fundi aliposikia, alizima cherehani.

"Hebu rudia. Wewe ndiye utakayemfundisha asikutake?"

"Nani mwingine atamsikiliza?"

"Wewe ni mjinga mwenye cheti. Kaa kimya tu. Mwache alie mpaka majirani wagonge ukuta. Watakukatia tiketi wao wenyewe, tena kiti cha dirishani."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Halafu wakienda bila mimi? Atalia vile kwa watu asiowajua, mama yake kajilaza huko kwenye kiti. Nani atamwokota mlangoni?"

Fundi akawasha cherehani, akaharibu mshono.

Ikawa hivyo. Kwanza Shangazi alikaa kando ya kitanda bila kumpa kidole, akampa kona ya shuka aishike. Mkia akaitupa, akaitupa tena, kisha akaishika. Baadaye akakaa mlangoni. Baadaye tena sebuleni, akiimba kwa sauti ya chini, na kila mara wimbo ukawa mfupi kidogo. Mtoto akianguka, yeye alijikaza kwenye kigoda na kusema, "Nenda kwa mama, mama ndiye mwenye dawa." Jumapili alimpeleka kwa Fundi, akamwacha, akazunguka nyuma ya duka na kusimama pale juani mpaka alipomsikia akicheka. Kile kicheko alikiuguza kifuani jioni nzima.

Siku moja, mabegi yameshaanza kupangwa, Mkia alijikwaa ukumbini, goti likachubuka. Shangazi alikuwa hapo hapo, hatua moja tu. Mikono yake ilinyanyuka yenyewe. Mtoto akampita kama anavyopita kabati, akaenda kujitupa kwa mama yake.

"Umeona?" Wifi akasema, uso umemchanua. "Umeona wifi? Mwanangu kanijia."

"Nimeona."

Wakaenda, wakarudi wameiva kwa jua. Mdogo wake alimwonyesha picha kwenye simu: Bibie amezikwa mchangani mpaka kiunoni, Mkia kakaa begani kwa msichana aliyevaa fulana ya hoteli, anacheka.

"Hakulia hata siku moja," mdogo wake akasema. "Dada, umefanya kazi kubwa." Akaifuta simu kwa shati, ingawa ilikuwa safi. "Sasa tumefikiri. Maadamu anakubali watu, tumempatia nafasi chekechea pamoja na dada yake. Na daktari anasema watoto walale peke yao chumbani. Hatukufukuzi, unanielewa. Ni kile kitanda tu, tunatafuta pa kukiweka."

"Usitafute," Shangazi akasema. "Nitaenda nacho."

"Dada, usikasirike."

"Nimekasirika wapi? Wewe umeniona nimekasirika?"

Hakungoja aambiwe tena. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau humpiga aliye nyuma yake. Shangazi yeye alikuwa amesimama mbele, amewafungulia njia. Alifungasha mchana, wazazi wako kazini na msichana wa jirani kaja kushika zamu. Mkia alikuwa macho. Akafurahi sana kuona begi, akaanza kumletea nguo moja moja, na viatu ambavyo si vyake, na mswaki wa Bibie.

"Shangazi naenda bahari," akasema.

Shangazi akautoa ule mswaki, akauweka mezani.

"Eeh. Shangazi anakwenda baharini."

"Bahari kubwa."

"Nimesikia kubwa kweli."

Vijana wawili wa mkokoteni wakakibeba kitanda. Alipofika mlangoni akasimama, kwa kisingizio cha kufunga vizuri zipu ya begi, yeye aliyezifunga zipu za mtaa mzima. Alikuwa anasubiri. Akilia hata kidogo, alijiambia, nitaketi hapa hapa kizingitini mpaka wenyewe warudi.

Mkia akampungia mkono, kama alivyofundishwa, akarudi ndani kucheza.