Mara ya Tatu

Mazulia ya Bi Mahlagha yametembea kuliko yeye. Pale Naini, ukingoni mwa jangwa, karibu kila nyumba ilikuwa na kitanda cha kufumia, naye alikikalia cha mama yake tangu utotoni mpaka vidole vikapinda. Wafanyabiashara walikuja kutoka Isfahan, wakaikunja kazi yake, ikapelekwa Hamburg, kule Ujerumani, ikatandikwa chini ya miguu ya watu asiowajua. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mwanawe wa pekee, Kiumars, aliyafuata mazulia hayo akiwa kijana, akapata kazi kwenye ghala la huko, akaoa na kuzaa hukohuko.

Alikuwa amemlea peke yake, na alimlea kwa adabu. Kwao ukikaribishwa kitu, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena. Ukikaribishwa mara ya tatu ndipo unajua mwenzio ametaka kweli, unapokea na kushukuru. Siku moja Kiumars, angali mdogo, alijichotea lozi za jirani alipokaribishwa mara ya kwanza tu. Mama yake alimfinya paja mpaka machozi yakamtoka.

"Tumbo lako halina haya?" alimuuliza njiani. "Watasema sikufunzi?"

Miaka ikapita, ikawa mingi mno. Kisha majira fulani ya kuchipua Kiumars akapiga simu: anakuja, tena ana jambo kubwa la kumwomba mama yake. Bi Mahlagha alijua ni jambo gani. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, nyumba ilikuwa kimya, na wajukuu wawili alikuwa akiwajua kwa picha tu. Akamwita jirani yake, Bi Eshrat, wakafunga sanduku pamoja: nguo za baridi, ndimu kavu, na kizulia kidogo alichomfumia mjukuu wa kike. Wakalisukuma sanduku chini ya kitanda, maana si vizuri mtu aonekane amekwisha jifungasha kabla hajaombwa.

Kiumars alifika akiwa na mvi. Mama akamletea chai.

"Sitaki, mama, nimekunywa njiani."

Akamletea.

"Mama, nimesema sitaki."

Akamletea mara ya tatu, na safari hii uso wa mwanawe ukakunjamana. Bi Mahlagha akairudisha chai jikoni.

Jioni, baada ya kula, Kiumars akamshika mikono. "Mama, njoo ukae nasi Hamburg. Kesho twende wote Tehran tukakuombee viza."

Furaha ilimjaa mpaka kooni. Lakini ulimi una mazoea yake. "Hapana, roho yangu, nitakwenda kuwasumbua tu. Mimi mzee wa nini kule?"

Akangoja.

"Sawa, mama," Kiumars akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomaliza kila kitu. "Nilijua huwezi kuiacha nyumba yako. Kule tumejifunza kuheshimu neno la mtu. Sitakulazimisha."

Mama akajaribu kumfungulia mlango wa kuuliza tena. "Na nyumba yenu yenyewe, mwanangu, si ndogo?"

"Ndogo kweli," akajibu, akacheka, akaenda kulala.

Alfajiri Bi Eshrat aliposikia hayo nusura apige kelele. "Umekataa mara ngapi?"

"Moja tu. Hakuuliza tena."

"Basi mwambie, mwanamke wewe! Ana mdomo, una mdomo!"

"Nijialike nyumbani kwa mkwe wangu kama mwombaji? Bora nife hapa."

"Nitamwambia mimi."

"Ukimwambia, Eshrat, usinizike."

Na Bi Eshrat, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuficha neno, akanyamaza. Mimi namlaumu mpaka leo, ingawa ningekuwa yeye ningenyamaza vilevile.

Asubuhi gari likaja, la Heidar, kijana wa mtaa wa pili. Bi Eshrat akasimama mlangoni na bakuli la maji lenye jani bichi, yale ya kumwagwa nyuma ya msafiri ili arudi salama. Alikuwa ameteka bakuli kubwa, la wasafiri wawili, kwa kuwa hakutaka kukata tamaa.

Kiumars akatoa pochi. "Heidar, nauli ni kiasi gani?"

"Acha, kaka, wewe mgeni wetu. Safari hii ni yako bure."

"Haiwezekani. Chukua."

"Wallahi sichukui."

"Chukua, Heidar, nakuomba!"

"Aa, haina thamani hata kidogo."

"Kwa roho ya mama yangu, pokea!"

Heidar akapokea. Kiumars akamgeukia mama yake, uso umeng'aa kama wa mtoto aliyefaulu mtihani. "Umeona, mama? Mara tatu! Sijasahau mila zetu."

Ilikuwa imebaki sentensi moja tu, fupi, na Bi Mahlagha alikuwa nayo mdomoni.

"Hujasahau, mwanangu," akasema. Akambusu macho yote mawili.

Gari lilipoondoka, Bi Eshrat alimwaga maji kidogo, kisha akasita, bakuli likiwa bado zito mikononi.

"Mwaga yote," Bi Mahlagha akamwambia. "Aliyesafiri ni huyo mmoja."