Kidole Gumba cha Shangazi

Jina la Bi Taratibu walimpa kwa kumdhihaki tu, maana mwanamke yule alikuwa na hasira za karibu. Lakini mpe udongo wa kauri uone! Mikono ile ile iliyobamiza milango ilitulia tuli. Miaka thelathini alifinyanga, na karakana ilikuwa yake mpaka binti wa kaka yake alipoleta kompyuta na mashine ya kuchapisha udongo.

Binti alichora vyombo kwenye skrini, vimejikunja kama nguo zilizotupwa kitandani. Mashine ikavijenga kwa nyuzi za udongo, uzi juu ya uzi. Shangazi mtu akaachiwa kulainisha mistari kwa sifongo. Sifongo! Yeye!

"Shangazi," binti akasema asubuhi moja, chombo cha mteja kikiwa bado kibichi, "hiki kinatakiwa kitoke vile vile kama picha. Kikitoka salama, kuanzia mwezi ujao pumzika nyumbani. Umechoka."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mikono yako siku hizi inatetemeka."

Loo, hapo alimgusa pabaya! Binti alipogeukia skrini yake, Bi Taratibu akakibonyeza chombo ubavuni kwa kidole gumba, kwa hasira zake zote. Kisha akaona alichofanya. Haraka haraka akasukuma kwa ndani, akapitisha sifongo, pakawa laini. Akakiacha kikauke. Na yeye ndiye aliyejua kuliko wote kwamba kauri haisahau: ukiiumiza ikiwa mbichi, uifiche utakavyo, moto wa tanuri utaitoa siri.

Tanuri lilipofunguliwa, kibonyeo hicho hapo, kimekaa ubavuni bila aibu. Binti akashika kichwa.

"Kwenye kompyuta hakikuwepo!"

"Ni mimi," shangazi akasema, kwa sauti ambayo siku hiyo haikufika hata mlangoni. Akavua aproni, akaanza kuikunja. Alitaka kulia, na hakutaka aonekane.

Mteja akawakuta wamesimama hivyo hivyo. Akakizunguka chombo, akatia kidole gumba chake kwenye kibonyeo, kikaingia sawasawa. Akakitoa. Akakirudisha.

"Hapa ndipo penyewe," akasema. "Nitengenezeeni vingine sita, na kibonyeo hiki kisikosekane."

Binti akajaribu kukichora, mashine ikatoa kitu kama kitovu. Shangazi akajaribu kubonyeza kwa utulivu, tanuri likatoa kitu kama chunusi. Wakahangaika wiki nzima, wapi!

Ndiyo maana hadi leo, kila chombo kikifikia ule ubichi unaofaa, binti huacha kompyuta yake, husogea karibu na mlango ili apate pa kukimbilia, kisha huuliza kwa upole:

"Shangazi, hivi utastaafu lini?"