Kwaresima Niliyotaka Isiishe

Wenzangu wote bwenini walikuwa wakiisubiri Pasaka. Walizungumza habari za wali wa nazi na nyama, za gauni jipya kwa yule ambaye baba yake ana kazi bandarini, na za sukari, ambayo masista walikuwa wameiondoa katika uji wetu tangu Jumatano ya Majivu. Mimi peke yangu niliomba Kwaresima irefuke. Sikumwambia mtu, maana nilikuwa kiranja mkuu na wangesema najifanya mtakatifu. Utakatifu, kusema kweli, haukuwamo kabisa.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa kilimani Changamwe. Vita vilikuwa vimekwisha lakini vitu vilikuwa bado adimu, na hata sabuni tuligawiwa vipande. Tulikuwa mchanganyiko wa Wataita, Warabai na Wagiriama, pamoja na wachache ambao baba zao walikuwa wametoka bara kuja kufanya kazi za reli. Ukishaingia muhula unapoanza, hutoki mpaka likizo. Aliyetaka kuiona barabara ya Magongo aliichungulia kwenye matundu ya ua wa michongoma, na akikamatwa anachungulia alifagia kikanisa.

Kwaresima ilikuwa na taratibu zake, na sisi viranja zilitubana kuliko wengine. Kila siku kila kiranja alitakiwa awe na sala yake, jambo lake la kujinyima, na tendo lake moja la huruma. Jioni, kabla ya chakula, tulikusanyika katika chumba cha kushonea, tukakaa kwenye viti vya cherehani, na Sista Mkuu akatuuliza mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka Ulaya, mwenye haki mpaka ikachosha. Hakuuliza tulifanya nini, kwa sababu hilo alilijua. Alikuwa na swali moja tu, nalo alilisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza kitabuni.

"Limekuuma wapi?"

Aliamini kwamba tendo lisilomuuma mtu halijatoka kwake. Nasi, kwa kuwa tulimwogopa na kumpenda kwa pamoja, tulijifunza haraka kuumwa. Kiranja wa jikoni aliumwa na njaa, ingawa mashavu yake hayakuwa na habari hiyo. Kiranja wa bweni la wadogo, Mrabai mrefu aliyenipita kimo na kunichukia kidogo kwa kuwa cheo nilipewa mimi, kila siku alisema magoti. Nilikuwa nikimwona kikanisani akisali huku amekalia visigino.

Tendo langu la huruma lilikuwa maji. Bondeni, katika njia ya kwenda Jomvu Kuu, alikaa bibi mmoja wa Kiislamu, mjane, aliyekuwa akipanda kilima kuja kutibiwa macho kwenye zahanati ya misheni. Sista wa zahanati alitaka ayaoshe kwa maji safi, na visima vya kule chini, kwa kuwa karibu na mkono wa bahari, vilikuwa na chumvi. Kisima chetu kilikuwa na maji matamu. Basi nikapewa debe moja na ruhusa ya kutoka getini kila alasiri, mpaka Pasaka.

Siku za kwanza debe lilinitesa kwelikweli. Maji yalimwagika mgongoni, kata ya kitambaa niliyoiweka chini ya debe ikateleza, na watoto wa Jomvu wakanifuata nyuma wakinihesabia matone. Shingo iliniuma, nikaitaja shingo chumba cha kushonea, na Sista akaridhika. Kisha shingo ikazoea, nami nikaendelea kuitaja.

Yule bibi macho yalikuwa hafifu lakini masikio yalikuwa mazima. Alisikia maji yakicheza ndani ya debe nikiwa bado naipinda njia, naye akaniita kwa jina langu kutoka ndani ya nyumba, kwa sauti ndefu isiyo na haraka. Mimi nikaitika "abee" hukohuko njiani. Basi ni hilo tu. Sina jambo kubwa la kusimulia kuhusu nyumba ile. Nilimimina maji mtungini, nikaketi kidogo mkekani, akaniuliza tumekula nini mchana, nikamwambia maharagwe, akasema pole. Kesho yake akauliza tena.

Mama yangu alifariki Taita nilipokuwa mdogo, na baba akanileta kwa masista kwa sababu hakujua la kunifanya. Shuleni kila kitu kiliitwa na kengele. Jina langu lilisomwa kila asubuhi kutoka katika orodha, lakini kusomwa si kuitwa. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila kusikia jina langu likitoka ndani ya nyumba, kwa mtu anayetaka tu nifike. Nilipolisikia kwa yule bibi, niligundua kwamba nilikuwa na kiu nalo, na kwamba kiu hiyo ilikuwa ya zamani.

Alipenda kunitania. Siku moja alinipa tende, nikakataa nikamwambia nimefunga. Akataka kujua tunafungaje. Nikamweleza habari za sukari, na nyama, na kwamba maji tunakunywa.

"Maji mwanywa?" akasema. "Na uji mwanywa? Funga hini yenu, wallahi, hata paka angaiweza."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye akacheka kwa kunisikia mimi. Nilipanda kilima na debe tupu nikiwa bado nacheka, na nilipofika chumba cha kushonea furaha ilikuwa haijanitoka usoni. Sista Mkuu alinifikia, akaniuliza swali lake. Sijui ni nini kilichonipata. Nadhani nilichoka kumwambia shingo mwanamke ambaye hakuwahi kusema uwongo, tena nikadhani atafurahi kwa ajili yangu.

"Halikuniuma, Sista," nikasema. "Napenda kwenda kule."

Viranja wenzangu waliinamisha vichwa kama walioona sahani ikivunjika. Sista hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na laiti angekasirika, maana ningeweza kumchukia. Alisema kitu ninachokipenda ninajipa mwenyewe, simpi Mungu. Alisema yeye pia alipokuwa msichana alinyang'anywa vitu alivyovipenda, na leo anashukuru. Kisha akasema kesho debe litabebwa na kiranja wa bweni la wadogo, na mimi nitapiga pasi vitambaa vya altare.

Nilisema "Ndiyo, Sista." Kiranja mkuu asemeje?

Chumba cha pasi kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo liliangalia njia ya bondeni. Nilipuliza makaa, nikanyoosha kitani, nikaikunja kama nilivyofundishwa, huku namwona yule Mrabai mrefu akitoka getini na debe langu kichwani. Nilitamani kwenda kule kwa namna ambayo sikujua mtu aweza kutamani mahali. Sikutamani tende, wala mkeka, wala kukwepa kazi. Nilitamani ile kona ya njia, pale ambapo sauti ilikuwa inanifikia. Kila alasiri saa yake ilipofika, masikio yangu yaliinuka yenyewe, na hakuna aliyeita.

Siku ya kwanza mwenzangu alirudi na nguo zimelowa, amenuna. Chumba cha kushonea alisema bega. Baadaye nilimfuata kisimani kumuuliza bibi alisema nini. Akanijibu kwa shingo upande kwamba bibi aliuliza, "Yule wangu yuwapi?" Naye akamwambia anapiga pasi. Kesho yake aliulizwa tena, akajibu vilevile, na bibi akasema, "Pasi gani hino isokwisha?"

Maneno hayo niliyala kama chakula. Yule wangu. Niliyarudia kitandani, niliyarudia kwenye Njia ya Msalaba, kituo baada ya kituo, na nina hakika hapo ndipo nilipokuwa mbali na Mungu kuliko msichana yeyote katika kikanisa kile. Au pengine ndipo nilipokuwa karibu. Mpaka leo mambo hayo siwezi kuyapima.

Halafu mwenzangu akaacha kununa. Mwanzo sikutilia maanani. Nikaona anamaliza zamu yake ya bweni mapema, anasubiri karibu na geti kabla ya saa yake, kata ameifunga vizuri. Alikuwa akirudi amechelewa kidogo. Hakunieleza tena habari za bondeni, nami nilipouliza alijibu kwamba bibi hajambo. Lakini kila jioni, alipoulizwa, alisema bega.

Jumapili ya Mateso sanamu zote kikanisani zilifunikwa vitambaa vya zambarau, na mimi ndiye niliyevipiga pasi. Jioni moja ya juma lile tulikaa chumba cha kushonea, yeye karibu nami, nikasikia harufu ya asumini. Ilitoka chini ya kitambaa chake cha kichwa. Shuleni kwetu hakukuwa na asumini. Nilielewa mara moja ni mkono gani ulioyachomeka yale maua, na kwa nini bega haliachi kuuma.

Wivu ulinishika. Neno moja tu lingetosha, na kesho yake naye angekuwa anapiga pasi pamoja nami. Tena lingekuwa neno la kweli. Niliona jinsi ambavyo ningefurahi, na furaha hiyo ingefika mpaka saa ya chakula. Baada ya hapo debe lingekwenda kwa wa tatu, labda mmoja ambaye lingemuuma kama inavyotakiwa, akamimina maji, akageuka, akaondoka. Na bibi angeuliza tena, yule wangu yuwapi.

Sista Mkuu alimfikia.

"Limekuuma wapi?"

"Begani, Sista."

Sista alivuta pumzi puani. Alikuwa na pua kama yeyote. Alimtazama mwenzangu, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye kiranja mkuu, na katika bweni la wakubwa vitanda vyenu vinapakana. Bega lake linamuuma kweli?"

Niliwahisi wote wakinitazama. Yeye alikuwa ametazama sakafu, mikono katikati ya magoti.

"Linamuuma, Sista," nikasema. "Usiku halali upande huo."

Sista aliinamisha kichwa, akaendelea. Zamu yangu ilipofika nilimwonyesha kidole kilichounguzwa na pasi, akaridhika. Uwongo ule niliutaja katika maungamo ya Juma Kuu, na padre akanipa malipizi madogo sana. Alisikia neno bega tu, hakusikia lililokuwa nyuma yake, nami sikujua namna ya kulieleza. Nilitaka kumwambia kwamba Kwaresima yote nilitoa kitu kimoja tu kilichotoka kwangu, na kwamba kitu chenyewe kilikuwa uwongo. Nikaona atachanganyikiwa.

Lakini jioni ileile niliyosema uwongo, tulitoka chumba cha kushonea kwenda kula. Wenzetu walitangulia, na yeye akanishika mkono wa gauni, pale kwenye matangi ya maji ya mvua. Nilidhani atanishukuru, na sikutaka kushukuriwa. Alikuwa mrefu, lakini wakati ule tulionekana sawa.

"Yule bibi haniiti jina langu," akasema. "Aniita lako."

Nilimuuliza kama hakumwambia jina lake.

"Nilimwambia siku nyingi. Akasema ajua. Kesho yake nikiwa njiani akaniita tena vilevile, jina lako. Sijui ni macho, sijui ni makusudi." Akauachia mkono wa gauni langu. "Na mimi niliitika. Sasa huitika kila siku. Nilitaka ujue."

Kengele ya chakula ililia na hakuna aliyesogea. Niliona uchungu wa kutaka kumpiga na wa kutaka kumkumbatia, yote mawili kifuani mahali pamoja. Jina langu lilikuwa bado linaitwa kule bondeni kila alasiri, kwa sauti ileile ndefu, na mimi nikiwa dirishani na pasi mkononi. Lilikuwa linafika kwa mtu. Nilimuuliza huwa anaitikaje, akaniambia husema abee.

"Usimkawize," nikamwambia. "Mimi nilikuwa naitika kabla hajamaliza kuita."