Siku Miguu Yangu Ilipogoma Kati ya Mizabibu

Mimi naitwa Esta. Nimezaliwa Dodoma, na mwaka huu natimiza miaka ishirini na mbili hapa Landani. Haya ninayoyasimulia yamenipata mimi mwenyewe, katika mwili huu huu. Nayasema kwa ajili ya yeyote aliyelala mahali sasa hivi, hawezi kuinua hata kidole, naye anadhani ndio mwisho.

Kabla ya kuugua nilikuwa na afya njema. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Niliishi Thamesmead, fleti ya ghorofa ya tatu, peke yangu. Mume wangu tuliachana zamani. Mwanangu wa pekee, Furaha, alikuwa amehamia Ilford, upande mwingine wa jiji, na tuliagana vibaya. Siku anahama nilimwambia, "Nenda, utarudi mwenyewe." Hakurudi. Tukabaki kutumiana ujumbe wa Krismasi na wa siku ya kuzaliwa. Mimi naandika Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza.

Baiskeli nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na sita, kwenye njia ya kando ya mto Thames. Niliipenda kwa sababu ukiwa juu ya baiskeli hakuna anayekuuliza mbona uko peke yako. Jumapili, ibada ikiisha, wenzangu walikwenda kula na familia zao. Mimi naendesha.

Ndipo nikasikia kwamba Ufaransa, katika nchi ya mvinyo ya Burgundy, kuna njia ndefu ambayo zamani ilikuwa reli. Mataruma yameng'olewa, pametiwa lami, na magari hayaruhusiwi kabisa. Unapita mashamba ya zabibu kutwa nzima. Marehemu baba yangu alikuwa na ekari moja ya zabibu kule Hombolo, kwa hiyo habari ile ilinishika moyo. Nikaomba likizo ya wiki mbili, nikapanda treni, nikakodi baiskeli huko huko. Sikumuaga mtu.

Wiki moja kabla ya safari niliharisha siku tatu. Nadhani nilikula kuku asiyeiva vizuri. Nikapona, nikasahau.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Mizabibu imepangwa mistari, inapanda vilima na kushuka, na kimya chake ni cha kusikia mnyororo wa baiskeli ukizunguka. Siku ya tatu niliamka vidole vya miguu vimekufa ganzi, kama mtu aliyekalia mguu. Nikasema ni uchovu. Mchana niliiacha ile reli ya zamani nikapanda njia ya wakulima kwenda kijiji cha juu. Niliweka gia nyepesi kuliko zote, na bado miguu haikusukuma. Jioni, kwenye nyumba ya wageni, niliupandisha mguu wa kulia kitandani kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipopaswa kutafuta daktari. Mimi niliyewaambia wazee wangu kila siku, "Msifiche maumivu," niliyaficha. Nani ningemwambia?

Siku ya nne nikatoka tena. Kwenye mwinuko wa kwanza magoti yalilegea kama uzi, nikaanguka na baiskeli juu yangu. Sikuumia sana. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilijaribu kutambaa, mikono nayo ikatetemeka. Simu ilikuwa kwenye mkoba nyuma ya tandiko, hatua mbili tu, nami sikuifikia. Nilikuwa nimeitafuta njia isiyo na magari, na sasa nimelala juu yake nikiomba gari lipite. Jua likanipiga usoni. Nililia kwa sauti, kisha nikanyamaza, maana kilio changu kilinitisha.

Aliyenikuta ni mama mmoja wa makamo mwenye kofia ya majani, aliyekuwa akifunga matawi ya mizabibu upande wa pili wa kilima. Sikuelewa neno lake hata moja. Alipiga simu, kisha akaketi chini kwenye kokoto, akaweka kichwa changu pajani mwake, akanikinga jua kwa kofia yake mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitalini daktari alinigonga magoti kwa nyundo ndogo. Mguu haukuruka. Wakanichoma sindano ya uti wa mgongo, wakachukua maji. Daktari yule alijua Kiingereza. Akaniambia, "Kinga ya mwili wako imekosea. Baada ya lile tumbo la kuharisha, imegeuka na kushambulia mishipa yako ya fahamu. Ugonjwa huu unaitwa Guillain-Barré. Wengi hupona. Lakini kwanza utazidiwa."

Alisema kweli. Kesho yake uso ulilegea pande zote mbili. Macho hayakufumba, mate yalinidondoka kifuani. Mkojo ukakataa kutoka, wakaniwekea mpira. Kila saa walinipa kifaa nikipulize kupima pumzi, na kila saa pumzi ilipungua. Wakanitundikia dripu ya dawa ambayo hutengenezwa kwa damu za watu wanaojitolea.

Daktari akarudi, akainama karibu. "Tutakulaza usingizi, mashine ikupumulie. Tumpigie nani simu?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu."

Ndugu zangu, jambo hili naona aibu kulisema kuliko habari za mpira wa mkojo. Nilikuwa na mtoto. Lakini niliona sitaki kumsumbua, na pia, niseme kweli, sikuwa na uhakika kama angekuja.

Nilizinduka siku tisa baadaye. Wamenitoboa koo, bomba limepita hapo. Nasikia kila kitu, nawaza kila kitu, siwezi kusogeza chochote ila kope, tena kidogo. Nzi akitua kwenye paji la uso namhisi, siwezi kumfukuza. Watu wa vitanda vingine waliletewa ndugu saa za kutembelewa. Kwangu pazia lilibaki vile vile.

Muuguzi mmoja, kijana wa kike mpole, alileta ubao wa herufi. Anapitisha kidole, na kikifika kwenye herufi yangu nakonyeza. Ilinichukua karibu saa nzima. F, U, R, A, H, A. Akaandika kwenye simu yake itafsiri, akaangua kicheko, akawaita wenzake. Wakapiga makofi. Wakaandika neno lile kwa kalamu nyekundu juu ya kitanda changu. Walidhani mgonjwa wao amesema ana furaha! Na mimi chini ya lile neno machozi yananitiririka hadi masikioni. Wakayafuta wakifikiri ni ya shangwe.

Kesho yake nikaanza upya, kwa Kiingereza, herufi moja moja: ni binti yangu. Yule muuguzi alijipiga kofi kwenye paji la uso. Nikamkonyezea tarakimu za kufungulia simu yangu, akampigia.

Furaha alifika kesho yake, na begi la mgongoni, na nguo za kazini. Alisimama mbele ya kitanda. Nilidhani atasema Kiingereza kama kawaida yake. Akasema Kiswahili, kile cha kuungaunga:

"Mama, wao wanasema uliwaambia hakuna mtu. Mimi si mtu?"

Nilikonyeza tu, nikakonyeza tena. Akaegemeza paji lake la uso kwenye mkono wangu ambao haukuweza kumshika.

Baada ya wiki saba nilirudishwa Landani, nikalazwa miezi mitano. Mishipa inapofufuka huuma. Nyayo ziliwaka moto, shuka likigusa napiga kelele. Kijiko changu cha kwanza kilikuwa cha mtindi, na nilikohoa nikautapika wote. Nilioshwa na kubadilishwa nepi na binti mdogo kuliko Furaha, na hapo nikajua wazee wangu walikuwa wanatazama wapi nilipokuwa nawaosha. Walikuwa wanatazama dari. Siku niliyosimama mara ya kwanza, mtaalamu wa mazoezi alihesabu sekunde nne. "Leo nne," alisema, "kesho tunaomba tano."

Sitawadanganya kwamba upweke uliondoka pamoja na ugonjwa. Furaha ana kazi yake. Anakuja Jumapili. Siku sita zilizobaki za wiki nilikaa nyumbani na fremu yangu ya kutembelea, nikisikia lifti ikipita bila kusimama kwenye ghorofa yangu.

Mwaka jana nilikwenda tena Burgundy, safari hii nikakodi baiskeli ya umeme. Furaha hajui kuendesha, alinisubiri kwenye mkahawa mwisho wa njia. Nilipanda kile kilima polepole, nikimtafuta yule mama kati ya mistari ya mizabibu. Sikumwona. Wala sikuwahi kulijua jina lake. Nikasimamisha baiskeli nikasema asante kwa Kiswahili, kwa sauti, shamba tupu likanisikia.

Nawashukuru waganga na wauguzi. Namshukuru Mungu. Nawashukuru watu nisiowajua waliotoa damu zao, sijui hata ni wa lugha gani.

Nanyi nawasihi: ganzi ikianza miguuni ikapanda, usilale nayo, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Ukisafiri, andika namba ya mtu kwenye karatasi uiweke mfukoni. Na kama mmekosana na mtu huyo, andika yake hivyo hivyo. Aliyelala na bomba kooni namwambia asihesabu miezi, ahesabu sekunde.

Vidole vitatu vya mguu wa kushoto bado havina hisia. Wiki iliyopita lifti yetu iliharibika, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kushika chuma. Hakuna aliyeniona. Nilifika mlangoni nahema kama mbwa, nikajipigia makofi mwenyewe, kisha nikaingia ndani kuinjika chai.